Nilimfuta Wifi Yangu Kwenye Orodha ya Chakula

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wanne, ninaishi Yoba, mjini Gitega. Msinihurumie, wasomaji wenzangu... sistahili!

Nilikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi. Tuliporudi kwetu Butihinda, Muyinga, nilimkuta wifi yangu Goreti, mjane wa kaka yangu, akilima shamba lote la baba. Nikamwomba kipande tu. Akanijibu kwamba mwanamke aliyeolewa harithi kwao. Roho iliniuma! Tangu hapo salamu zetu zikawa za mdomoni tu.

Kisha mvua zikakosekana. Serikali ikatangaza kuleta chakula cha dharura, mahindi na maharage, kwa wenye njaa kweli. Majina yangesomwa mbele ya watu wote wa kilima chetu, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na majirani wangesema nani ana chakula na nani hana. Mimi niliyesoma kidogo nikawekwa kwenye kamati ya kugawa.

Liliposomwa jina la Goreti, kiongozi wa kilima aliuliza kama kwake kunapikwa. Nikasimama... nikasema kila jioni naona moshi jikoni kwake.

Moshi niliuona kweli. Lakini nilijua pia kilichokuwa sufuriani: maji matupu! Kwetu njaa ni aibu, mtu huwasha moto ili majirani wasimcheke. Mimi mwenyewe nilishafanya hivyo kambini. Goreti naye, kwa kiburi chake, aliinamisha kichwa, hakukana. Jina likafutwa. Nilifurahi, Mungu anisamehe!

Wiki chache baadaye bintiye Nadine, wa miaka mitatu, akavimba miguu kwa njaa. Goreti akambeba hadi kwa wazazi wake, Itaba... Mtoto akafia huko. Damu ya kaka yangu! Na mimi, shangazi yake, nilikuwa na gunia la mahindi ya serikali ndani.

Nilishindwa kuishi tena kilimani pale, tukahamia Yoba. Mwaka mzima nilinyamaza. Mwisho nikaenda Itaba, nikamweleza Goreti yote huku nalia. Alinisikiliza, akaingia ndani, akaniletea sahani ya maharage.

"Kula, wifi. We iko natoka mbali. Mi siwezi acha mtu na njaa kwangu."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kugawa chakula, ugomvi wako uache nyumbani. Nawe mwenye njaa, sema! Mimi niligombana na Goreti... aliyezikwa ni Nadine.