Herufi Tatu za Brightson

Kishikio cha mashine kilikuwa na joto. Avelina alikigusa akifuta vumbi, akautoa mkono, akakigusa tena. Banda la gemu lilikuwa limefungwa tangu asubuhi na mle ndani hapakuwa na mtu, lakini kishikio kilikuwa na joto lile la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kusimama wima kama kabati, gemu la kutungua ndege. Godlisten, mumewe, aliinunua kwa mzee Valimohamed wa Buguruni alipofunga ukumbi wake, akaileta nyumbani Gongo la Mboto. Brightson, kifungua mimba wao, ndiye aliyeweka rekodi. Vijana walitoka hadi Mbezi Luis kuja kuivunja, wakarudi kwao vidole vinauma na mdomo umepungua. Miaka nenda rudi herufi zake tatu, BRI, zilikaa juu kabisa ya orodha. Kisha lori likamgonga Barabara ya Pugu, herufi zikabaki.

Mashine za aina ile hazitunzi kitu. Ukizima, rekodi imefutika. Basi haikuzimwa tena, Godlisten aliupitisha umeme wake kwenye betri kubwa kwa ajili ya siku za umeme kukatika, naye Avelina akawa anaingia kila magharibi, adhana inapoanza, anafuta kioo na kuita, "Brightson, baba, umeshindaje?" Mtu wa pwani angemkanya. Lakini Avelina amezaliwa Rombo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba saa ile jina la mtu haliitwi ovyo.

Siku chache baada ya lile joto, vitufe vilianza kugonga vyenyewe, taratibu. Banda likanuka udongo uliochimbwa muda huo huo. Kwenye orodha, mstari wa chini kabisa, zikatokea herufi BRI nyingine, na kila jioni zikapanda mstari mmoja.

"Amerudi," Avelina alimnong'oneza mumewe, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Godlisten hakuwa ameiona tangu msiba. Alishindwa kumbishia. Ungembishia vipi mama wa watu?

Aliyeanza kukonda ni Clara, binti yao, ambaye gemu hakuwahi kuzipenda. Jioni moja baba yake alimkuta amesimama mbele ya mashine, macho wazi hayapepesi, vidole vina malengelenge na bado vinabonyeza, na alipomwita Clara hakugeuka, akamwita tena hakugeuka, mpaka aliposhindwa na kunong'ona jina la marehemu, ndipo binti akaitika, "Naam, baba," kwa sauti nzito ya kiume.

Godlisten alikodi bajaji hadi Buguruni kumfuata Bi Rubabbai, mjane wa Valimohamed, ambaye hata Wakristo walimwendea kimyakimya kwa ajili ya dua. Bibi yule alifika magharibi, Clara bado yuko mbele ya mashine, akasimama mlangoni, akaitikia shikamoo yao, akagoma kuingia.

"Mama Clara," alisema, na Avelina alishtuka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Ulikuwa unamwita nani saa hii?"

"Mwanangu."

"Mwanao hawezi kuitika. Aliyeitika ni mwingine, na anataka hilo jina la juu. Akilipita, anabaki na jina na huyu binti. Zima. Mie siwezi kukuzimia, uliyeita ni wewe."

Avelina alitazama kioo, akaona namba za chini zikikimbilia za juu, akasogea hadi kwenye betri huku Bi Rubabbai akisoma dua mlangoni na harufu ya udongo ikimjaa kooni na vitufe vikigonga haraka kuliko vidole vya binadamu yeyote, na alipoushika waya, kinywa cha Clara kikafunguka na sauti ya Brightson, ile ile, na kikohozi chake kidogo cha asubuhi, ikasema:

"Mama, usizime. Nakaribia."

Avelina aligeuka, akautazama uso wa Clara.

"Mama, huku kuna giza."

"Mwanangu alikufa," Avelina alisema. Tangu mazishi hakuwahi kuyatamka maneno hayo. Akang'oa waya, mashine ikazimika.

Clara alianguka mikononi mwa baba yake. Alipozinduka aliomba uji, na mama yake akampikia, akampulizia kijiko kwa kijiko kama mtoto mdogo.

"Hivi rekodi ya braza ilikuwaga ngapi?" Clara aliuliza.

Wazazi walitazamana. Hakuna aliyeiandika, ya nini, wakati ilikuwa pale pale? Simu zilizojaribu kukipiga picha kioo zilitoa michirizi mitupu. Avelina alikuwa akisoma herufi tatu tu, na Godlisten hakuweza kukitazama kile kioo bila kulia.

"Ilianza na tisa," Avelina alisema.

Godlisten aliona kama ilianza na nane. Alifungua mdomo aseme, akamwona mkewe ameshika bakuli, anamngoja.

"Tisa," alikubali. "Ilikuwa tisa."