Ndama Kwanza

Enzi za Mwingereza, pale Ilongero, Selina alikamua ng'ombe wake kila asubuhi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ulimi wake pia. Lakini asubuhi moja alikamua kwa mawazo mengi. Mjukuu wake mchanga, Simeoni, alikuwa anakonda. Maziwa ya mama yake yalikuwa hayatoki vizuri.

Mama huyo, Raheli, aliishi kwa hofu. Mumewe, Laurenti, alikwenda kukata mkonge Tanga, na habari zake hazikuja. Selina alimpenda sana mke huyu wa mwanawe. Basi akamtendea alilodhani ni jema. Alimchukua mtoto, akawa analala naye na kumnywesha uji mwepesi.

"Kisima cha korongoni ukikiacha kinajaa," alisema. "Titi nalo lipumzike."

Titi likazidi kukauka. Mtoto akaanza kuharisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leah, mkunga wa zahanati, alipita zizini asubuhi hiyo akaamkia shikamoo. Selina akamweleza yote. Kisha akamwona Selina akimwacha ndama anyonye kwanza.

"Mama, mbona hukamui moja kwa moja?"

Selina akacheka. "Bila ndama ng'ombe hashushi maziwa. Na mbwa akimshtua, anayabana."

"Na ndama wa Raheli yuko wapi?"

Selina aliacha kukamua. Machozi yalimlengalenga.

Leah akaeleza taratibu. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama hutuma mjumbe ndani ya damu. Mjumbe huyo akifika kwenye titi, maziwa hushuka. Hofu humchelewesha. Utulivu, na mtoto kifuani, hata kilio chake, humwita. Mjumbe huyohuyo hukaza mfuko wa uzazi baada ya kujifungua. Madaktari humwita oksitosini, na mama anayetoka damu nyingi hudungwa sindano yake hospitalini.

"Raheli hahitaji sindano," alisema Leah. "Mrudishie mwanawe, anyonye mara kwa mara, usiku na mchana. Uji usimpe bado. Nawe mtoe hofu. Mimi nitapita kumtazama mtoto."

Selina alimbeba Simeoni mwenyewe, akamlaza kifuani kwa Raheli.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

Akaketi kando yake, akamsimulia vituko vya Laurenti utotoni, mpaka Raheli akacheka. Maziwa yalianza kidogo kidogo. Kuharisha nako kukakoma.

Uwele ulipovunwa, Simeoni alikuwa mzito mgongoni kwa bibi yake. Jioni moja alilia huko uani. Selina akampeleka haraka jikoni, Raheli alikokuwa anasonga ugali. Akakuta gauni la Raheli limekwisha kulowa maziwa kifuani. Selina akatabasamu.

"Chukua mwanao," alisema. "Mjumbe amenitangulia."