Kwa Nini Gari Lilizima Mlimani

Kila Jumatatu na kila Alhamisi, nyumba ya seremala huamka mapema. Mkewe huchemsha maji ya kuoga ya mama yake. Seremala hushusha mbao kutoka kwenye pikapu, hufagia vumbi la msumeno, kisha huweka mto kwenye kiti cha mbele. Mto huo ni wa mama mkwe wake. Hauguswi na mtu mwingine. Paka aliyewahi kulala juu yake alifukuzwa bila kuulizwa kisa chake.

Mama mkwe anaumwa figo. Mara mbili kwa wiki lazima afike hospitali kusafishwa damu. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa nzima. Akichelewa, muda wake hupunguzwa, kwa sababu mgonjwa mwingine anasubiri kitanda hichohicho. Muda ukipungua, miguu yake huvimba na pumzi humwia nzito.

Kwa wiki tatu sasa, alikuwa anachelewa kila safari. Gari lilikuwa linazima mlimani.

Kila mara ilikuwa hivi: asubuhi liliwaka vizuri. Lilipita mjini bila tatizo. Lakini katikati ya mlima nguvu zilianza kupungua. Seremala alikanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likajikongoja tu. Kisha likazima. Usukani ukawa mzito, breki nazo zikawa nzito. Alilisogeza pembeni, akavuta breki ya mkono, akaweka kabari mbili za mbao nyuma ya magurudumu. Baada ya nusu saa hivi, liliwaka tena kama vile halikuwa na kosa.

Seremala hakukaa bure. Alibadilisha filta ya hewa. Akabadilisha filta ya dizeli. Fundi mmoja wa njiani akamwambia pampu imekufa, anunue nyingine. Cha ajabu, kwenye kazi zake za kila siku gari halikuzima kamwe. Alipeleka vitanda na makabati mitaa ya jirani, dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi, bila shida yoyote.

Jumatatu jioni, mama alikaa kizingitini, miguu imevimba.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "Alhamisi msinipeleke."

"Kwa nini, Mama?"

"Gari likibeba makabati, linakwenda. Likinibeba mimi, linazima. Hata chuma kimenichoka. Niacheni nipumzike nyumbani."

Binti yake aliingia ndani haraka ili machozi yake yasionekane. Seremala alibaki amesimama. Mkwe ni mtu wa heshima, si mtu wa kubishana naye. Lakini alimpenda sana mama huyu, na maneno yale yalimchoma moyo.

Kesho yake asubuhi akabisha hodi kwa jirani. Jirani huyo ni fundi wa magari ya dizeli. Watu humwita Sikio, kwa sababu husikiliza kwanza kabla ya kushika spana. Yeye na mke wa seremala walisoma pamoja, kwa hiyo humwita seremala shemeji, na humtania atakavyo.

"Shemeji, umeshabadilisha nini?" aliuliza Sikio.

"Filta zote mbili."

"Nani alikuambia zimeziba?"

"Hakuna. Nilikisia."

"Na mlango, unakisia urefu wake?"

Seremala alicheka kwa aibu. "Napima kwanza."

"Basi na gari hupimwa kwanza. Niambie, nguvu zikipungua, linatoa moshi mweusi?"

"Hapana."

"Moshi mweusi mwingi ungenifanya nianze na njia ya hewa. Haya, linazima ghafla, au linafifia?"

"Linafifia taratibu. Likipumzika, linawaka."

"Hilo lina njaa," alisema Sikio. "Nadhani dizeli haifiki ya kutosha kwenye injini. Sasa fikiri vizuri. Kabla ya tatizo kuanza, kuna kitu kilibadilika?"

"Hakuna kitu."

Seremala alijibu kwa moyo mweupe kabisa. Kumbe kilikuwepo. Ila yeye hakukihesabu kuwa kitu cha gari.

Sikio alifungua boneti. Alilegeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, akakinga dizeli kidogo kwenye chupa ya kioo. Akaiacha itulie.

"Kama kuna maji, yatakaa chini, kwa sababu ni mazito kuliko dizeli," alieleza. "Hii ni safi."

Kisha akapapasa mabomba ya dizeli, moja baada ya jingine. Hakukuta ufa wala unyevu. Akafuta mikono.

"Hapa nyumbani halitaniambia kitu. Twende mlimani."

Mama alikuwa anawasikiliza kutoka mlangoni.

"Nendeni tu," alisema. "Bila mimi halitazima. Mtaona."

Wakaenda wawili. Gari lilipita mjini, likaanza kupanda. Seremala alishika usukani kwa nguvu. Katikati ya mlima, likafifia. Likazima palepale pa siku zote.

Seremala alipiga makofi. "Limezima! Limezima, na Mama hayumo!"

"Weka kabari zako kwanza, halafu ushangilie," alisema Sikio. "Miaka yote hii ya kazi, sijaona mtu anafurahia gari kuzima."

Hakwenda kwenye injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Na hii ni nini, shemeji?"

Mdomo wa tangi haukuwa na mfuniko. Ulifunikwa kwa kipande cha mpira mweusi, kimekazwa kwa ukanda wa mpira mizunguko sita.

"Hiyo ni ya Mama," alisema seremala kwa fahari. "Niliacha mfuniko juu ya bodi siku niliyojaza mafuta, ukapotelea njiani. Mama akanikatia huu kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Akanifundisha na namna ya kuukaza."

"Lini hiyo?"

"Yapata wiki..." Seremala akahesabu kwa vidole. "Wiki tatu."

Sikio alifungua ukanda, mzunguko wa mwisho ukalegea. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa kasi. Akarudi kwenye boneti, akapiga pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mara chache kuvuta dizeli.

"Washa."

Likawaka mara moja.

Sikio akachukua chupa yake ya plastiki yenye maji. Akaiziba kwa midomo, akavuta. Chupa ikabonyea, maji yakagoma kutoka. Alipoachia kidogo hewa iingie, maji yakatoka.

"Umeona? Injini inavuta dizeli. Nafasi ya dizeli lazima ijazwe na hewa. Mfuniko halisi una njia ndogo ya kuingizia hewa hiyo. Huu wa Mama hauna. Tangi ni chuma, halibonyei. Linaing'ang'ania dizeli tu. Safari zako fupi huisha kabla dizeli haijakwama. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, ndiyo maana linawaka tena."

Seremala alishika kichwa. "Nitamwambiaje? Ataona yeye ndiye aliyejichelewesha."

"Mwambie ukweli. Ila anza na hili: limezima bila yeye."

Walifunika tangi kwa kitambaa safi bila kukikaza, wakarudi polepole. Njiani wakapitia dukani kununua mfuniko wa aina ya gari lile. Mama alikuwa bado mlangoni.

"Mama, limezima," alisema seremala.

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Palepale."

Mama alishika mwimo wa mlango. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, Mama. Haikuwa wewe hata siku moja." Kisha akatazama ndala zake, akaeleza habari ya mpira. Aliongeza haraka, "Kosa ni langu. Fundi aliniuliza kilichobadilika, sikumwambia."

Mama aliuchukua ule mpira, akaugeuza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Seremala alidhani analia.

"Nilikuambia nini siku ile?" alisema mama, na kumbe anacheka. "Nilikuambia mpira huu hata hewa haipiti!"

Walicheka mpaka binti yake akatoka mbio kuona kulikoni. Sikio alijifuta macho.

"Shemeji, siku nyingine fundi akiuliza kilichobadilika, taja vyote. Hata zawadi ya mkwe."

Alhamisi ilifika. Mto ukawekwa kwenye kiti cha mbele. Walipoukaribia mlima, seremala akabadilisha gia. Mke wa seremala, katikati yao, alimshika mama yake mkono. Gari likapanda. Likafika pale pa siku zote, likapapita, likaendelea kupanda kwa sauti ileile. Seremala alitaka kupiga kelele za furaha. Alipogeuka, akameza sauti yake. Mama alikuwa amelala, kichwa begani kwa binti yake.

Aliamka kwenye lango la hospitali.

"Tumefika mlimani?"

"Tumeshaupita, Mama. Tumewahi."

"Mbona hamkuniamsha? Nilitaka kuuona ukipitwa."

Seremala na mkewe walitazamana. Hakuna aliyethubutu kutaja safari ijayo.

"Haya," alisema mama, akivuta kanga yake tayari kushuka. "Jumatatu mniamshe mlimani."