Ubao Wenye Matundu Pembeni

Kitu cha kwanza kilikuwa maji. Mvua ilikuwa haijagusa Rumonge siku nyingi, mtungi ulikuwa umefunikwa, na mtoto alikuwa anacheza kwa jirani. Lakini Généreuse alipojiinua kutoka kwenye ubao wake wa mazoezi, alikuta sakafuni, upande wa miguu, dimbwi dogo la maji yaliyotulia. Akayagusa. Yalikuwa ya uvuguvugu. Akajiambia ni jasho, akayapangusa kwa kitambaa, kisha akajicheka mwenyewe, maana mwanamke aliyekondeana namna ile angetoa wapi jasho la kujaza kikombe?

Ubao wenyewe ulikuwa mgeni ndani ya nyumba. Katika miaka ile ya vita, watu wenye bunduki walikuwa wakishuka kutoka milimani, askari wakijibu, na raia wakibaki katikati kama mahindi kinuni. Mara ya mwisho waliposhuka, risasi ilimwingia Généreuse kwenye nyonga. Mumewe, Cikuru, alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Kigoma kuwatafutia mahali. Aliyemwokoa ni mchuuzi wa mawese ambaye alitupa madumu yake na kumpakia yeye kwenye baiskeli, na bahati ya aina hiyo haibishi hodi mara mbili.

Sasa jeshi lilikuwa limefunga ziwa. Njia pekee ya kumfuata Cikuru ilikuwa kungoja vurugu nyingine, wakati wavuvi wanapoisukuma mitumbwi majini bila kuomba ruhusa ya mtu, na kila mwenye miguu anakimbilia ufuoni. Mwenye miguu, nasema. Généreuse alikuwa na mguu mmoja mzima na gongo, na binti wa miaka sita aitwaye Schékinah.

Hospitalini palikuwa na mtaalamu wa viungo, kine kama wanavyomwita pale, mzungu wa shirika moja la msaada. Yeye aliwalaza majeruhi juu ya ubao wenye mipira ya kuvuta, akawafundisha mazoezi aliyoyaita pilates. Généreuse, mtu wa kanisa, aliuliza kama ni ya yule Pilato aliyemhukumu Yesu, na wodi nzima ikacheka, hata waliokuwa na mishono tumboni. Lakini mazoezi yalikuwa na maana yake. Lala chali, vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo, vuta kitovu kielekee mgongoni, ndipo uinue mguu polepole. Mguu ulikuwa unaanza kusikia amri shirika lilipofunga virago na kuondoka na mbao zake. Kine akamwambia atafute ubao wa kwake, mpana na laini, aendelee nyumbani.

Mbao zilikuwa hazishikiki. Ila Exaucé, kijana aliyeuza milango na madirisha ya nyumba zilizoachwa, alimpa ubao mmoja kwa kidumu cha mawese tu. Ulikuwa mzuri ajabu: mpana kama mabega ya mtu, laini kwa kupitiwa na mikono miaka mingi, umeinuka kidogo upande mmoja, na pembeni una matundu yaliyopangwa vizuri. Ndani ya matundu hayo Généreuse alipitisha mipira ya baiskeli bila kutoboa chochote.

"Ilikuwa inafanya kazi gani?" alimwuliza Exaucé.

"Sijui, mama. Iko mbao tu."

Rahisi huvunja upishi, wahenga wametuonya. Lakini mwaka ule nani alikuwa na upishi wa kuvunjwa?

Basi kila baada ya chakula cha mchana, joto linapowafungia watu ndani, Généreuse alifunga mlango na kulala juu ya ubao. Siku moja baada ya yale maji, alipotoa pumzi, alisikia upande wa miguu pumzi nyingine ikitoka sambamba na yake. Akanyamaza. Ile nayo ikanyamaza. Akavuta kitovu kielekee mgongoni, kama alivyofundishwa, na hapo kiganja kikamkalia tumboni, kipana, chenye umajimaji, kikambonyeza taratibu kutoka juu kwenda chini kama mtu anayekamua. Alifumbua macho akaona dari na buibui wake. Mguu wake uliokufa ukainuka, ukapita pale ulipokuwa ukikwama kila siku, ukasimama hewani bila kutetemeka.

Alilia, kwa hofu na kwa furaha, hakujua ipi ilitangulia. Akasema ni mkono wa Bwana. Mfa maji hukamata maji, na Généreuse alikamata.

Mguu ukaendelea kupona. Siku nyingine alipitiwa na usingizi pale pale, akaamshwa na Schékinah, aliyebaki ndani naye siku hiyo, amesimama juu ya kichwa chake, kidole mdomoni.

"Mama, nani amekusuka?"

Alipeleka mkono kichwani. Nywele zake zilikuwa zimelowa, zimesukwa mikia mitatu, yote imelazwa nyuma, na mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo.

Jioni hiyo Bibi Kulthumu alikuja kumjulia hali. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima wa Kiislamu, na wiki zote hizo alikuwa amejificha kwa ndugu zake huko Kabonga.

"Amahoro, mama Schékinah."

"Amahoro, Bibi. Karibu ndani."

Lakini Bibi Kulthumu hakuingia. Aliziangalia zile nywele, kisha akauangalia ubao, kisha akashika fremu ya mlango.

"Mwanangu, hii ubao umeitoa wapi?"

"Niliinunua kwa Exaucé. Ni ya mazoezi."

"Si ya mazoezi." Sauti yake ilishuka hadi ikabaki midomo tu. "Ni ya musikiti. Mimi naijua, nimeoshea maiti za wanawake wetu juu yake tangu nikiwa binti. Kichwa kinakaa huku juu, maji yanatokea mu haya matundu. Tumbo tunalikamua pole pole. Na nywele za mwanamke tunazisuka tatu, tunazilaza nyuma."

"Lakini mimi niko muzima, Bibi!"

"Ndiyo maana naogopa. Chumba cha kuoshea kina wenyewe, hawaonekani. Sisi tulikimbia vita. Wao hawakukimbia."

"Basi muite Maalimu aifukuze hii kitu!"

"Maalimu Hamissi alivuka ziwa. Mimi najua kuosha, mwanangu. Kumurudisha aliyekwisha kuanza kuoshwa, sikufundishwa." Akatikisa kichwa. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hao nao hawaachi kazi katikati. Usilale tena pale. Unanisikia? Usilale."

Bibi Kulthumu aliukokota ubao hadi uani kwake, akaufunika mkeka, akausomea Yasini kwa sauti iliyokatikakatika. Généreuse hakulala tena pale. Na kadiri siku zilivyopita, mguu ukaanza kupoa, ukawa mzito, mwisho ukarudi kuburuzika kama zamani.

Wakati huo habari zilikuwa zinatembea zenyewe. Walipigana Minago. Moshi ulionekana Magara. Watu walikuwa wameshafunga vitu vyao katika vitenge, na Schékinah naye akafunga chake, sufuria na Biblia ya baba yake, akakivaa mgongoni kujipima.

"Wakija, mama, mimi nitakuvuta," alisema. Akamshika mama yake mkono akaanza kumvuta kuelekea mlangoni, meno ameyauma, miguu yake midogo inateleza sakafuni, na Généreuse hakusogea hata shubiri.

Ni hilo lililomshinda. Kesho yake, Bibi Kulthumu alipotoka kutafuta kuni, Généreuse alipita kwenye uwazi wa ua, akautoa mkeka, akalala. Usimlaumu. Alijua anacholalia, na jua lilikuwa linawaka, kuku wanachakura kando yake, na aliposema "kwa jina la Yesu" mdomo wake ulijaa maji ya uvuguvugu yakatoka tena, halafu mikono ikaja, si miwili, mingi, ikamgeuza ubavu kumwosha upande wa kulia na ikamgeuza kumwosha wa kushoto, kwa upole ule ambao hakuwahi kuoshwa nao tangu utotoni, na harufu ya kafuri ikapanda hadi macho yakamchoma, ikapakwa kwenye paji la uso, viganjani, magotini, na kila ilipopakwa nguvu ikaingia na baridi ikaingia pamoja nayo, kisha kitambaa ambacho jicho halikukiona kikaanza kumzunguka kutoka vidoleni, kikapanda mapajani, kiunoni, kifuani, kikafika shingoni na hapo kikafungwa fundo. Pumzi ikatoka upande wa miguu. Ya kwake haikutoka mpaka ile ilipokwisha.

Bibi Kulthumu aliporudi alimkuta amesimama uani, wima, bila gongo. Kuni zikamdondoka.

"Unanuka kafuri," alinong'ona. "Kafuri ni ya mwisho."

"Imebaki nini, Bibi?"

"Kubebwa tu." Mama yule aliitazama miguu ile iliyonyooka, akaanza kulia. "Na wabebaji wamekimbia wote, mwanangu. Hapa hakuna tena wa kubeba mutu."

Hapo Généreuse akaelewa kwa nini wale wasioonekana walimponyesha miguu: ajibebe mwenyewe.

Siku mbili hazikupita. Risasi zilianza upande wa soko watu wakiwa wanakula, na Rumonge nzima ikamwagika kuelekea ziwani. Généreuse alimfunga Schékinah mgongoni kwa kitenge akakimbia. Alikimbia kweli! Aliwapita vijana, akaruka mitaro, akamshika Bibi Kulthumu mkono akamkokota, na kwa mwendo ule moyo wake ulianza kuamini kwamba amewadanganya, kwamba miguu ni yake na itamfikisha kwa Cikuru. Mtumbwi ulikuwepo. Wavuvi walikuwa wanapokea wazee na watoto kwanza. Bibi Kulthumu akavutwa ndani.

Maji ya ziwa yalipomgusa vidole, miguu ilisimama.

"Panda, mama, panda!" mvuvi alifoka.

"Nivute! Nivuteni!" Wanaume wawili walimshika mikono wakamvuta hadi mabega yakalia, na hakutoka pale alipokuwa. Risasi zikapita juu yao. Généreuse alifungua kitenge kwa vidole vilivyokuwa bado vyake, akambusu binti yake kichwani, akamweka mikononi mwa Bibi Kulthumu.

"Mupeleke kwa baba yake. Mwambie..." Lakini miguu ilikuwa imeshageuka.

Ilimpandisha ufuoni, polepole, kwa heshima, kwa mwendo wa watu wanaosindikiza. Alipiga kelele lakini sauti haikutoka. Alitaka kugeuza shingo amwone mtoto mara moja tu, lakini shingo ilikuwa imefungwa, na mbele yake palikuwa na njia iendayo makaburini kwa Waislamu, huko huko risasi zilikokuwa zikitoka. Hapakuwa na mtu mwingine njiani. Nyuma yake makasia yalikuwa yanapiga maji, yakizidi kuwa mbali, na juu ya makasia akasikia sauti ya Schékinah, imejaa furaha.

"Bibi, angalia! Angalia mama! Iko natembea vizuri!"

Na mtoto akaanza kupiga makofi.