Jino Kwenye Maziwa

Jiwe lile lilikusudiwa kichwa cha mtu mwingine.

Ilikuwa saa sita mchana, soko la jumla limefurika mpaka mikokoteni imekwama, na katikati ya wauza vitunguu mwanamume mmoja mwembamba alikuwa amelala chini anapigwa. Mtu alipaza sauti kwamba kuna mwizi, ikatosha. Nani kaibiwa, kaibiwa nini, hakuna aliyeuliza. Mateke yalimshukia mbavuni, mwenye kipande cha bomba akawa anatafuta nafasi, na nyuma sauti ilikuwa inaulizia mafuta ya taa.

Mlinzi wa geti, pande la mtu ambaye soko zima lilimwita Komeo, alipasua umati kwa mabega akasimama juu ya yule mtu, mguu huku na mguu huku.

"Huyu anakwenda polisi," alisema. "Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Wakaanza na yeye. Bomba lilimpata begani, akalinyang'anya na kulitupa juu ya paa. Wa pili alimsukuma akaangukia magunia. Ndipo jiwe likaja, likampiga mdomoni.

Hatua chache kutoka pale alikuwa amesimama mwanamke aliyevaa gauni la manjano lenye mkanda mweusi, mkononi ana mfuko wa viazi. Alikuwa daktari wa meno, na mlio wa jino linaloacha mfupa aliujua. Aliona kitu cheupe kikiruka. Wengine wote walikuwa wanakimbia kwa sababu filimbi za polisi zilishasikika getini. Yeye aliweka viazi chini akapiga magoti kwenye matope.

"Unatafuta nini hapo, dada?" aliuliza Komeo, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Jino lako. Inua mguu."

Aliinua. Jino lilikuwa limelala kando ya ganda la kitunguu, zima, na mzizi wake mrefu. Mwanamke alilishika kwa upande wa kutafunia, akaagiza pakiti ya maziwa baridi kutoka duka la jirani, akaipasua kwa meno ya pembeni na kulitumbukiza jino humo.

"Si ungelifuta tu?" Komeo aliuliza.

"Nikilifuta nimeliua. Kwenye mzizi ndiko uhai wake uliko."

"Dada, limeshang'oka hilo. Nitazoea."

"Mimi ni daktari wa meno na tuna nusu saa. Tembea."

Yule mwembamba alipelekwa hospitali akiwa hai, mbavu tatu zimevunjika. Jioni simu iliyodaiwa kuibwa ilionekana chini ya kapu la mwenyewe.

Kliniki ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Daktari alimkalisha Komeo kwenye kiti, akavaa glavu, akamwambia, "Fungua mdomo." Komeo akafumba macho, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ngumi imekunjwa, kama mtu anayekinga kipigo. Daktari aliiona ngumi ile. Alisubiri mpaka ikashuka. Alilirudisha jino mahali pake, likaingia kwa mlio mdogo, kisha akalifunga na majirani zake kwa waya mwembamba.

"Wiki mbili usiume kitu kigumu," alisema. "Na usipigane."

"La kwanza naweza," alijibu Komeo kwa mdomo uliovimba. Daktari akacheka.

Kesho yake simu ilianza kulia.

"Jino limeamkaje?" daktari aliuliza.

"Limeamka linakuulizia."

"Liambie nina wagonjwa kumi na wawili."

"Limesema litasubiri. Halina pa kwenda, umelifunga waya."

Ikawa desturi yao. Alfajiri kabla ya zamu, mchana wakati wa chakula. Wiki ya tatu Komeo alikuja kliniki bila miadi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, akamtoa kwenda kula samaki wa kukaanga. Alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Daktari alikishusha kiganja kile, akakishika juu ya meza.

"Nataka kuona unachocheka," alisema.

"Meno yangu si ya kuonyesha watu, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Lakini daktari hawezi kupendana na mtu akaacha macho yake kazini. Aliona mengine. Fizi za Komeo zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinatoa damu akiuma mkate tu. Meno ya pembeni yalicheza. Gego moja la chini lilikuwa limeoza mpaka ndani. Jino lililorudishwa lilikuwa linatoa usaha, nalo lilipaswa kuwa limeshika. Tena alikunywa chupa tatu za maji kwenye mlo mmoja, akaenda msalani mara nne, na mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Jumapili moja mchana Komeo alifika nyumbani kwa daktari ana furaha usoni. Dada yake mkubwa, aliyemlea, alikuwa ameomba kumwona huyo wifi anayetajwa kila siku.

"Jumamosi," alisema. "Anapika tangu sasa."

"Nitakwenda," daktari alijibu. "Lakini kabla ya Jumamosi twende ukapime damu. Na lile gego litoke. Mdomo wako ni mgonjwa, mpenzi wangu, na sidhani ugonjwa umekaa mdomoni tu."

Uso wa Komeo ulibadilika.

"Kwa hiyo unanisafisha kwanza ndiyo utoke na mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema mdomo wangu mgonjwa. Umesema Jumamosi baadaye. Tangu lini unanibusu huku umeziba pua?"

"Nisikilize basi. Fizi kama zako kwa mtu wa umri wako..."

"Usinihesabie fizi!"

Ngumi yake ilipita kwenye kioo cha kabati la vyombo. Glasi zilianguka moja baada ya nyingine. Komeo aliutazama mkono wake, kipande cha kioo kimesimama kwenye kidole cha mwisho. Alipogeuka kuomba radhi, hakumwona daktari aliyemzoea. Aliona mwanamke aliyejikunja kwenye kona, viganja viwili vimeufunika uso wake.

"Toka," alisema yule mwanamke kwa sauti ya chini sana.

"Sikukupiga wewe."

"Toka nyumbani kwangu."

Alipiga simu mara kumi na moja jioni ile. Haikupokelewa hata moja. Komeo akaamini amechukiwa kwa ajili ya mdomo wake, akaacha kupiga. Daktari naye alifagia vioo, akabadilisha kitasa cha mlango, akajisemea kwamba amejua mapema, bora mapema. Kazini aling'oa meno ya watu na hakuzungumza na mtu. Siku ishirini na mbili zilipita hivyo.

Kidole kile hakikupona. Komeo alikifunga kitambaa, kikanuka, akakifunga kingine. Upande wa gego taya lilianza kuvimba, akalisugua mafuta ya kuchua, akaenda zamu.

Siku ya ishirini na tatu, mchana, watu wawili wenye mapanga waliingia kwenye duka la nafaka. Komeo aliwakuta mlangoni. Panga la kwanza lilikata mkono wa koti lake. Alimshika mwenye panga kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kikalia, mtu akapiga ukelele kama mbuzi. Wa pili alimrukia mgongoni. Komeo akarudi nyuma kwa nguvu zake zote na kumbamiza kwenye nguzo mara mbili, mpaka mikono ikalegea. Watu wakaanza kushangilia. Naye akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka, halafu akalala. Walimvua koti wakitafuta jeraha. Hapakuwa na jeraha. Shingo tu, imevimba na kuwa ngumu kama ubao, na pumzi inayokoroma.

Simu ya daktari ililia akiwa na mgonjwa kitini.

"Samahani, wewe ndiye Jino Langu?" aliuliza mwanamke.

"Nani mwenzangu?"

"Ndivyo ulivyoandikwa kwenye simu ya mdogo wangu. Mimi dada yake. Nipo naye hospitali. Wanasema alipigwa shingoni kwenye ugomvi, lakini mimi naona kitu kingine. Hapumui vizuri. Sijui mligombana nini na sikuulizi. Njoo."

Daktari alivua glavu akamkabidhi mgonjwa kwa mwenzake. Akiwa njiani alikuwa tayari anazungumza na daktari wa zamu: "Usitafute kipigo. Ni usaha wa gego la chini umeshuka shingoni. Mpimeni sukari sasa hivi, sasa hivi, kabla hamjamlaza usingizi."

Sukari ilikuwa ishirini na nane, mara nne ya kawaida.

Walimpasua chini ya taya pande mbili. Daktari alisimama chumba cha upasuaji na barakoa usoni, akautazama usaha ukitoka kwa wingi usioaminika, akautazama pia mkono wa kulia ambao kidole chake cha mwisho kilikuwa cheusi. Kilikatwa. Nje, dada mtu alikuwa ameketi na mkoba mapajani, mwanamke mfupi mwenye macho kama ya mdogo wake.

"Ataishi?" aliuliza.

"Ataishi."

"Haya. Basi kaa, wifi."

Siku ya nne Komeo aliweza kuzungumza. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji, mirija miwili inatoka. Jino lile la mbele halikuwepo. Lilitoka lenyewe usingizini, muuguzi akalikuta kwenye mto.

"Umekuja kuona kazi yako ilivyoharibika," alisema.

"Nimekuja kukwambia ugonjwa wako. Una kisukari. Sukari ikijaa kwenye damu, fizi hazina nguvu ya kujilinda, zinaoza. Na zikishaoza zinaipandisha sukari zaidi. Huu unamlisha ule. Ndicho nilichokuwa nakwambia siku ile. Sikuwa nakuonea aibu, niliogopa utakufa."

Komeo alifumba macho.

"Baba wa kambo," alisema. "Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia nifungue mdomo anuse kama nimekula chakula chake. Nikifungua ananipiga hapo hapo. Meno ya utotoni aliyamaliza yeye. Mpaka leo mtu akitaja mdomo wangu, mimi simsikii tena. Nasikia mlango unafunguliwa. Lakini si sababu. Kioo kile nilikivunja mimi."

"Si sababu, kweli," daktari alisema.

Alisogeza kiti, akaangalia kama pazia limefungwa. Kisha akaingiza kidole mdomoni na kutoa kitu kidogo cha rangi ya waridi chenye meno mawili ya mbele. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa na upepo ndani yake.

"Niliolewa miaka minne. Haya aliyatoa kwa kiwiko, kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi. Kabla ya hapo alivunja mlango, na kabla ya mlango alivunja sahani. Kila mara aliniambia, sikukupiga wewe. Maneno yale yale uliyosema."

Komeo alijaribu kuinuka, mirija ikamvuta. Akalia akiwa amelala, machozi yakimwingia masikioni, na daktari hakuyafuta. Alisubiri amalize.

"Yuko wapi huyo mtu?" Komeo aliuliza hatimaye.

"Unaona? Umeshaanza kukunja ngumi. Sitaki umpige. Nataka ujue ninachokiogopa."

Ngumi ile yenye bandeji ilifunguka juu ya shuka, taratibu, vidole vinne.

"Nifanye nini?"

"Sindano kila siku. Kinywa chako nitakisimamia mimi. Hasira yako siwezi, hiyo ni yako. Nipe miezi sita nikuangalie."

"Na baada ya hapo?"

"Usinikimbize."

Alimpa. Hospitali ilikuwa na mshauri, mzee mpole mwenye ofisi ya meza moja, na Komeo alikwenda kwake kila Alhamisi, mwanzoni akiona haya, baadaye akiwahi kabla ya saa. Fizi zilipata rangi ya fizi. Mwili ulirudi, mashavu yakajaa, na wauza vitunguu wakaanza kumtania kwamba walinzi wazuri wanaibiwa. Mwezi wa saba alimkuta daktari akifunga kliniki.

"Kidole sina, jino sina, damu yenyewe ina sukari," alisema. "Nilichobakiwa nacho ndicho hiki. Utaolewa nacho?"

"Siku utakayovunja kitu nyumbani kwangu, hata kijiko, naondoka na sirudi."

"Nimesikia, mke wangu."

"Bado sijawa."

"Naanza kuzoea."

Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, dada mtu akiwa shahidi, bibi harusi amevaa gauni la kijani kibichi na bwana harusi suti ya kuazima iliyombana mabegani.

Ugomvi wao mkubwa wa kwanza ulikuwa wa jambo la kijinga, funguo zilizopotea, na uliwaka haraka. Komeo alisimama katikati ya sebule, kifua kinapanda na kushuka, mshipa wa shingo umetoka pembeni ya kovu. Mkewe alinyamaza katikati ya sentensi. Komeo alimtazama, akafungua mlango na kutoka. Alizunguka mtaa mzima mara tatu, jua likimpiga utosini, akapita kwa fundi baiskeli bila kuitikia salamu, na mara ya tatu akaitikia.

Aliporudi alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Naweza kuingia?"

Ndani, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, viatu mguuni, mkoba begani. Alimwangalia mikono. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavisukuma chini ya kochi.

"Ingia," alisema. "Na ufunge mlango, inzi wanaingia."