Ufa Nyuma ya Kabati

Spéciose aliishi Remera, karibu na Gisimenti, jijini Kigali. Kila asubuhi alichota maji, akapika uji wa mtama, akafagia nyumba ambayo hapakuwa na mtu wa kuichafua. Mumewe, Rugamba, alifariki mwaka 1991. Mwaka uliofuata, mjane huyo aliamua kuiuza nyumba, ahamie kwa dada yake aliyeishi Kabuga.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mwalimu, jina lake Eustache. Mkewe, Béatha, alikuwa na mtoto mchanga.

Siku moja kabla hawajaja kuiona nyumba, Spéciose alisogeza kabati la chumbani. Ukuta ulikuwa na ufa toka juu mpaka sakafuni. Kidole kiliingia.

Alimwita jirani yake Kamanzi, fundi mwashi.

“Nipakie plasta tu, Kamanzi, na rangi juu. Nimechoka.”

Kamanzi alitoka nje, akachomeka panga chini ya ukuta. Lilizama bila shida.

“Mama, njoo uone. Bati halina mfereji. Miaka yote maji ya mvua yanaanguka hapa, yanakula udongo chini ya msingi. Msingi umezama, ndiyo maana ukuta umepasuka. Tena matofali ni ya udongo; yakilowa yanalegea. Plasta itaficha ufa, haitaushika ukuta.”

“Tufanye nini?”

“Tuubomoe. Tuchimbe mpaka udongo mgumu, tuweke msingi wa mawe. Halafu mfereji kwenye bati, na mtaro wa kupeleka maji mbali.”

“Rugamba aliujenga kwa mikono yake!”

“Najua, mama. Lakini mtoto wa mwalimu alale hapa?”

Spéciose hakulirudisha kabati mahali pake.

Kesho yake aliwaonyesha wageni ule ufa. Béatha alimkumbatia mwanawe, akatoka nje.

“Tutafikiri,” alisema Eustache. Wakaondoka.

Kamanzi alitegemeza paa kwa magogo, tayari kuubomoa ukuta. Lakini mvua iliwatangulia. Siku ya tatu, mchana, ukuta ulianguka. Chumba kilikuwa kitupu. Matofali yalilundikana pale pale kitanda kilipokuwa. Spéciose alisimama mbele ya matope, akamlilia Rugamba kana kwamba amekufa jana.

Kiangazi, yeye na Kamanzi waliujenga upya ukuta juu ya msingi wa mawe, wakaweka na mfereji. Eustache alisikia, akarudi. Alizunguka nyumba, akakagua mawe ya msingi, akauliza maswali mengi. Akanunua.

“Asante kwa kutuambia ukweli, mama,” alisema Béatha.

“Msiache majani yazibe mfereji. Ukiziba, maji yatarudi ukutani.”

Spéciose alibeba mizigo yake, akapanda basi peke yake. Hakugeuka nyuma.

Huko Kabuga, dada yake alimpa kiti. Hakuketi. Alizunguka nyumba polepole, akitazama chini ya kuta.

“Unatafuta nini, Spéciose?”

“Mahali maji yanapoanguka,” alijibu. “Nipe jembe.”