Vitabu vya Daraja la Pili

Msimu wa korosho, Mwanasha akitoka shule alivua sare, akala kiporo cha muhogo, kisha akakaa jamvini na baba yake kuchambua. Korosho safi ilikwenda kulia, daraja la kwanza. Yenye madoa ilikwenda kushoto, daraja la pili. Nyumba yao ya Miteja ilikuwa ya watu wawili tu tangu mama alipofariki.

Baba yake, Mzee Likwata, aliishia darasa la nne, na hakuwa na neno zuri kwa mkubwa yeyote.

"Hata hizi za kulia, wakizipokea ghalani watasema mbaya," alinung'unika. "Wakubwa hawali korosho, wanakula jasho."

Shuleni kwa Mwanasha kulikuwa na kabati la vitabu. Zamani watoto walivisoma, mpaka mkubwa mmoja alipoona vinachakaa, akaamuru kabati lifungwe. Likakaa hivyo miaka. Mwaka huu Mwalimu Brigita alivunja kufuli, akaweka jipya, na ufunguo akampa Mwanasha wa darasa la sita.

"Kila Ijumaa utawaazima wenzako," alisema. "Ila nimeambiwa, vitabu visiposomwa mpaka shule ikifungwa, kabati linahamishwa. Nakutegemea."

Mwanasha aliufunga ufunguo kwa uzi, akauvaa shingoni. Kisha akafanya alichokizoea: akachambua. Vitabu vinavyong'aa akavipanga rafuni. Vilivyochanika na vyenye mafuta akavitia kwenye kiroba.

"Hiki kizuri sana," alimwambia Amiri, akimpa kitabu kinene chenye jalada jekundu.

"Umekisoma?"

"Nimekiona."

Amiri akacheka. "Hata mwezi nimeuona, lakini sijaufikia."

Jumatatu vitabu vyote vilirudi. Yassin alikitupa chake mezani. "Wewe mwenye ufunguo, kitabu chako kimenilaza kabla ya kuku!"

"Changu kina maneno magumu kama tangazo la serikali," alisema Witness. "Mimi nataka kucheka. Kununa kwa nyumbani kunanitosha."

Ijumaa iliyofuata walikuja wachache. Ile nyingine hakuja mtu. Mwalimu Brigita alipita mlangoni, akazitazama rafu zilizojaa, akaenda zake bila kusema kitu. Hilo lilimuuma Mwanasha kuliko kugombezwa.

Jioni alikibeba kile kiroba ampelekee Mama Maftaha, muuza bagia, apate karatasi za kufungia. Alipopitia nyumbani, akamkuta baba yake jamvini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Vitabu vya daraja la pili. Vimechakaa."

Baba akachomoa kimoja kisicho na jalada. Akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari, midomo ikichezacheza. Mwanasha akachambua korosho peke yake. Ghafla baba akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikwisha kukisahau.

"Nani amekitia hiki kwenye kiroba?"

"Mimi. Si kina mafuta, baba?"

"Mwanangu, mwiko unaochakaa ni upi, unaopikia au unaotundikwa ukutani? Korosho hupata madoa kwa kunyeshewa. Kitabu hupata mafuta kwa sababu mtu alishindwa kukiweka chini hata wakati wa kula. Umefanya kama yule mkubwa aliyefungisha kabati!"

Mwanasha aliinamisha kichwa. Katika nyumba ile, kufananishwa na wakubwa halikuwa jambo dogo.

"Sasa nifanyeje?"

Baba aliigeuzageuza korosho moja kiganjani. "Mama yako alipika chungu kimoja tu. Mimi akanipa ukoko. Wewe akakupa wali laini wa juu. Bibi yako akamwagia mchuzi mwingi, kwa sababu ya meno. Hakuna aliyeinuka na njaa. Alimjua kila mtu na ulaji wake, na kila chungu alikionja kwanza."

Jumamosi na Jumapili, korosho zikiwa juani, baba na binti walisoma kwa kupokezana. Ijumaa Mwanasha alirudi na kiroba chake, akawafuata wenzake darasani, na maneno "kizuri sana" aliyaacha nyumbani.

"Ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini?" alimuuliza kila mmoja.

Amiri alisema hufungua redio mbovu za mjomba wake. Akapewa kisa cha fundi wa mashine ya kukoboa. "Mwanzo wake unachosha," Mwanasha alimwonya. "Vumilia mpaka injini inapozimika." Witness akapata hadithi ya jirani mmbea. Angela, mpenda kuimba, akapata mashairi.

"Mimi ni mpira tu," alisema Yassin. "Vitabu niondolee."

"Hiki ni cha golikipa. Kifupi. Ila nakwambia kweli, ukurasa wa mwisho haupo."

"Kitabu gani hicho hakina mwisho? Sikitaki!" Lakini akaondoka nacho.

Jumatatu alikuja mbio. "Penalti aliidaka, au hakuidaka?"

"Sijui, Yassin."

"Aliidaka!"

"Hakuidaka! Alikuwa ameumia mkono," alipinga Witness, aliyekuwa amekisoma kwa kuchungulia begani kwake.

Darasa zima likataka kukisoma, lipate la kubishania. Ijumaa foleni ilifika mlingoti wa bendera.

Siku chache kabla ya kufunga shule, mkubwa mmoja kutoka ofisini alikuja kuliangalia kabati. Mwanasha akamfungulia kwa ufunguo wake, mkubwa akashtuka.

"Vitabu viko wapi? Vimeibwa?"

"Vinasomwa," alijibu Mwalimu Brigita.

Mkubwa akajikuna sikio, akaondoka. Kabati likabaki.

Mwanasha alipomsimulia baba yake, baba alifurahi sana, hasa aliposikia habari za sikio.

"Umeona, mwanangu? Usimsifie mtu chakula ambacho hujakionja, wala usimpakulie kabla hujajua anakula nini. Na kasoro ya hicho chakula mwambie. Mtu akiambiwa ukweli, hurudi tena." Akafuta mikono. "Na mimi likizo hii utanipa kipi?"

"Unapenda nini, baba?"

"Chochote kisicho na wakubwa."

Mwanasha akachagua kimoja kilicholowa mafuta kuliko vyote. "Hiki kina mwenyekiti wa kijiji."

Baba akanuna.

"Anatumbukia kwenye shimo la taka," Mwanasha akaongeza.

Baba akanyoosha mkono haraka. "Lete!"